Mshindi Aliyenuna

Mkataba wa Versailles wa 1919 hulaumiwa kwa kumpa Hitler mtaji wa siasa. Lakini ufashisti ulishika dola kwanza Italia, nchi iliyokuwa upande wa washindi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1915, kwa mkataba wa siri uliotiwa saini London, Italia iliahidiwa, ikiingia vitani, Trieste na sehemu ya pwani ya Dalmatia. Vita vilipokwisha, Rais Wilson wa Marekani aliinyima Dalmatia, na mji wa Fiume pia, ambao kusema kweli haukuwamo katika ahadi. Waziri Mkuu wa Italia, Orlando, akasusia mkutano wa amani wa Paris. Septemba 1919 mshairi wa Kiitaliano D'Annunzio akauteka Fiume, akawa anahutubia umati kutoka roshani.

Mussolini, kiongozi wa mafashisti, alijifunza kwake.

Oktoba 1922 wafuasi wake waliandamana kuelekea Roma. Mfalme akakataa kusaini amri ya hali ya hatari. Mussolini mwenyewe alikwenda kuchukua uwaziri mkuu kwa treni.