Marehemu Ameachiwa, Deni Limebaki na Nani?

Tangazo mmelisikia. Lilitolewa Kawe tarehe 28 Agosti 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua kampeni za chama chake, na tangu siku ile limezunguka vijiweni kuanzia Hedaru mpaka Mwanga: akirudi madarakani, ndani ya siku 100 hospitali zitapigwa marufuku kuzuia mwili wa marehemu kwa sababu ya deni la matibabu. Hatutalirudia neno kwa neno. Uchaguzi ulikuwa Oktoba 29, 2025, na redio hii haimpigii debe mtu. Tunachosema wiki hii ni kwamba ahadi hiyo ni njema, na kwamba haitoshi, kwa sababu inamruhusu marehemu aondoke lakini inalinyamazia deni lake. Mwili utatoka mochwari. Deni je? Nani analipa?

Tuanze na swali ambalo vijiweni halijaulizwa sana: kwa nini hospitali yoyote izuie maiti? Maiti haiuzwi, haiwekwi rehani, na kila usiku inaolala kwenye jokofu inaongeza gharama. Hospitali inaizuia kwa sababu inatujua. Inajua kwamba mtu akilazwa wiki tatu, mkewe hupiga simu kwa ndugu na kila ndugu mtandao wake unasumbua. Akifa asubuhi, kufika adhuhuri kamati ya mazishi imeundwa, mweka hazina amepatikana, turubai limefungwa, basi la kuleta ndugu kutoka Dar es Salaam limekodiwa, na daftari la rambirambi limeshajaa majina. Fedha iliyokosekana ya dawa imepatikana ya jeneza. Hivyo ndivyo tulivyo Upare, na si Upare peke yake. Mdai yeyote mwenye akili husimama pale fedha inapopita, na fedha yetu hupita msibani. Ukiondoa kizuizi hicho na usiweke kitu mahali pake, umemwondolea mfiwa fedheha, na hilo tunalishukuru. Lakini dripu imeshaingia mwilini, umeme wa chumba cha upasuaji umeshawaka, muuguzi ameshakesha. Vyote hivyo vilinunuliwa na mtu. Nani analipa?

Wala hatuudharau uchungu wa mwili kuzuiwa. Kabla ya misikiti na makanisa kufika kwetu, koo za Kipare zilihifadhi mafuvu ya wazee wao, na marehemu alihesabiwa bado yumo ukooni. Watu wenye asili hiyo hawawezi kulala usingizi mtu wao akiwa amefungiwa mjini kama mzigo usiolipiwa ushuru. Muislamu anatakiwa kuzikwa upesi. Mkristo anataka kengele ya kanisa lake impigie akiwa nyumbani. Hakuna dini milimani humu inayomfundisha mtu kumgeuza maiti dhamana ya mkopo. Ila tusichanganye mambo mawili. Kwenye mazishi ya Waislamu, kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa familia husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aje atuone. Mwili unakwenda kaburini na deni linabaki kwa walio hai, na hakuna anayeona ajabu. Serikali nayo ina njia yake: mdai huenda kwa msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo mwenye hoja kwamba bila kuzuia maiti hakuna namna ya kudai, hoja yake ni fupi. Namna ipo tangu zamani.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wasemao hospitali za dini ndizo zisamehe, kwa kuwa zilianzishwa kwa huruma. Hii inasemwa sana kwetu, na si ajabu. Walutheri walifika Shigatini tangu mwaka 1900, Wasabato wakaanzia Giti, kule Mamba, mwaka 1903, na dawa ilikuja pamoja na mahubiri. Hospitali ya Gonja pale Maore ni ya Kanisa la Kilutheri hadi leo, na watu wa tambarare ya mashariki wanajua ingekuwaje isingekuwepo. Na KCMC ya Moshi, tunakopelekwa wote ugonjwa unapokataa, ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Hebu turudi kwa Msamaria huyo huyo, maana wahubiri wetu hupenda kuishia pale alipofunga majeraha. Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, halafu akafungua mfuko. Alimpa mwenye nyumba dinari mbili na kumwahidi kwamba kitakachozidi atakilipa akirudi. Hakumwamuru mwenye nyumba asamehe. Hakutoa tamko. Alilipa yeye. Anayetaka kuwa Msamaria wa taifa afuate habari ile mpaka mwisho, kwenye dinari, kwa sababu hospitali inayodaiwa na wauza dawa haiwezi kuwalipa kwa huruma yake. Ikiamriwa kusamehe na hazina isifidie, dawa zitapungua, kisha madaktari watahama, na tutabaki na jengo zuri lenye jiwe la msingi.

Jirani zetu Kenya wametuonyesha jinsi amri peke yake inavyochoka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuia akina mama waliojifungua katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Hao walikuwa hai, si maiti. Hukumu ilisomwa, magazeti yakaandika, lakini malalamiko ya wagonjwa na miili kushikiliwa hayakuisha Kenya. Hata kwetu jambo hili limeshaulizwa bungeni, na mwongozo wa wizara wa kutaka ndugu wakubaliane na hospitali namna ya kulipa ulikuwepo kabla ya kampeni zile. Kama mwongozo ulikuwepo na miili ikazuiwa, marufuku mpya itaponea wapi? Fedha haikuwepo wakati ule. Ikiwa haipo na sasa, kizuizi kitabadilishiwa jina tu.

Ukweli ni kwamba deni la mochwari huzaliwa mbali na mochwari. Tangu mwaka 1993, uchangiaji ulipoanza katika hospitali za serikali, mgonjwa amekuwa mtu wa kwenda dirisha la malipo kwanza. Upo msamaha: mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee wa miaka 60 asiye na uwezo. Lakini msamaha huo hutembea kwa miguu. Mzee wa Bombo au wa Vudee atafute barua ya mtendaji, ashuke nayo kwa barabara ile ile tunayoisema kila wiki, ile ambayo mvua za masika huigeuza mfereji, amfikie afisa ustawi wa jamii, aambiwe muhuri haukukolea, apande tena. Akifika mara ya pili ugonjwa umeshapanda kuliko yeye. Akipewa rufaa ni hospitali ya Mawenzi au KCMC, kule Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same mjini, na hapo hatujahesabu mlima. Nauli ya bodaboda, nauli ya basi, chakula cha anayemuuguza. Mtu anafika kwa daktari akiwa tayari na deni la barabara. Ndiyo maana huja amechelewa, na anayekuja amechelewa hutibiwa kwa gharama kubwa, na aliyetibiwa kwa gharama kubwa akafa ndiye tunayebishania mwili wake.

Tutaambiwa: bima inakuja. Kweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, na katika ahadi za Kawe imo pia ya kuianza kwa majaribio ndani ya siku hizo 100, ikianza na wazee, watoto, wajawazito na wenye ulemavu. Tunaiunga mkono bila kigugumizi. Mpare hahitaji kufundishwa bima. Ndiva zetu ni bima: maji ya usiku yanakusanywa ili mchana shamba lipate, na haki ya maji unaipata kwa kuitikia msaragambo, kusafisha mfereji kabla ya kiangazi. Asiyefika hutozwa faini. Hakuna anayesubiri mahindi yanyauke ndipo aanze kuchimba. Lakini ndiva ina sharti ambalo wakubwa husahau: lazima ndani yake muwe na maji. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, kiasi ambacho gunia la tangawizi la Mamba Miamba linaweza kukibeba. Waliolipa wengi hawakurudia. Ubahili? Tunataniwa hivyo, na tunataniwa pia kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi mtu wa namna hiyo mpe kadi, kisha mwambie dawa hakuna, kanunue duka la nje. Atakufungulia kesi, hatalipa tena. Na mwaka 2022, muswada wa bima ulipokuwa unajadiliwa, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000. Kati ya 30,000 isiyonunua dawa na 340,000 isiyopatikana, hapo katikati ndipo watu wetu wanapougulia.

Asiye na uwezo atalipiwa, wanasema. Vizuri. Nani atamtambua? Hapa Same ina la kusema kuliko mji wowote nchini. Mwaka 1945 wazee wetu kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakapiga kambi hapa hapa, makao ya wilaya, wakipinga mbiru, kodi iliyotaka kila kaya ipimwe utajiri wake. Hawakuwa watu wa kukwepa kodi. Walikataa kukadiriwa na mtu asiyewaeleza alivyokadiria. Mgogoro huo ulimalizika mwaka 1947, na mbiru ikafutwa. Leo tunaombwa tupimwe umaskini, na kosa linaweza kuwa lile lile limegeuzwa upande: majina kuandikwa ofisini, shemeji wa kiongozi kuwa fukara kwenye karatasi na mjane wa kitongoji cha juu kabisa, kule barabara isikofika, kuhesabiwa anajiweza kwa sababu hakuna aliyepanda kumwona. Orodha ikikosewa, bima yote imekosewa.

Basi, ndugu wasikilizaji, msiridhike na makofi. Wanasiasa wa vyama vyote watapanda huku, hata kama itabidi magari yao yasukumwe pale kwenye kona tunazozijua. Waulizeni swali moja, wasiondoke bila kulijibu: nani analipa? Fedha ya kufidia hospitali imo kwenye bajeti ipi, italipwa kila baada ya miezi mingapi, na hospitali ya kanisa italipwa sawa na ya serikali? Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe tuliusubiri zaidi ya miaka kumi mpaka ukazinduliwa Machi 2025. Mgonjwa hana miaka kumi. Waulizeni na habari ya barabara. Wachungaji, mapadri na masheikh, nanyi mna mimbari: msiwatangazie watu michango ya msiba peke yake, watangazieni kadi. Na sisi wa kwenye koo, makundi yetu ya WhatsApp yanayoamka siku ya kifo, yaamsheni leo. Hesabuni kaya zisizo na bima, zigawaneni, zilipieni kabla ya vuli. Kama tunaweza kukodi basi la kuzikia, tunaweza kulipia kadi. Na mkutano wa kijiji ukiitwa kusoma majina ya wasio na uwezo, nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Jina la yule mjane wa juu lisiposomwa, simama ulitaje wewe.