Tumbo Linalouma na Kisu



Kuanzia Shinyanga hadi machimbo ya Geita, tumbo likisumbua kwa muda mrefu wengi husema ni chango. Lakini maumivu yana vyanzo vingi. Kichocho cha matumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, hutibika kwa vidonge. Upo pia utumbo unaojikaza ovyo bila kidonda wala uvimbe. Dawa yake si kisu.

Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa asilimia 12 ya wenye hali hiyo walikwishaondolewa mfuko wa nyongo; miongoni mwa wasio nayo, ni asilimia 4 tu.

Kidole tumbo kikivimba, wahi hospitali. Kuchelewa ni kifo. Lakini ukiambiwa upasuliwe, uliza: Daktari, vipimo vimeonyesha nini? Kuuliza si ujinga.