Udongo wa Mfinyanzi na Sumukuvu

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu.

Ili kuona jinsi udongo unavyoweza kupunguza sumu hiyo, ieleweke kwamba sumukuvu ni kampaundi ya kikaboni, yaani iliyojengwa juu ya kaboni, na kwamba udongo wa mfinyanzi wa aina ya smektaiti una matabaka membamba mno, yaliyopangana kama kurasa za kitabu, ambamo molekuli za sumu hiyo hupenya na kunaswa tumboni kabla hazijaingia katika damu.

Kwa upande mmoja, udongo huo ukichanganywa katika chakula cha ng'ombe hupunguza sumu inayofika kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kwa upande mwingine, si kila udongo una uwezo huo, baadhi hubeba madini hatari kama risasi, na hakuna unaochukua nafasi ya turubai la kuanikia mahindi.

Swali linalobaki kwa kila kaya ni hili: je, sumu isubiriwe tumboni, au izuiwe ghalani?