Vita vya Dakika 38 na Yale Tuliyoyanyamazia

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanaukoo katika mkutano wetu, kabla ya chakula cha mchana)





Kamati ilinitaka nizungumze kwa muda mfupi juu ya historia ya kwetu. Nilikuwa nimekusudia kueleza habari za majahazi na misimu ya pepo, maudhui ambayo hayajapata kumuudhi mtu. Aliyenibadilishia mada ni mjukuu wangu. Siku moja alirudi kutoka shule akiwa amejaa furaha, akaniambia, "Babu, sisi tumo katika kitabu cha rekodi za dunia!" Nilimuuliza kwa lipi. Akasema mwalimu wao aliwauliza darasani ni vita gani vilivyokuwa vifupi kuliko vyote duniani, na jawabu lilikuwa Zanzibar, mwaka 1896, dakika 38. Darasa zima lilicheka. Naye alicheka pamoja nao, kwani alifurahi kwamba kwa mara ya kwanza jina la kwao lilitajwa mbele ya watu.

Usiku, alipokwisha kuvaa nguo za kulalia, alikuja mlangoni kwangu akaniuliza, "Babu, waliokufa walikuwa wangapi?"

Nilimjibu kwa ufupi ili akalale. Leo nataka kumjibu kwa urefu, na nyinyi mkiwa mashahidi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki kwa ghafla. Saa chache hazikupita, Seyyid Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza kuwa Sultani. Waingereza, waliokuwa wameitia Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walidai kwamba kwa makubaliano yaliyokuwapo hapakuwa na mtu wa kukikalia kiti kile bila ya ridhaa ya balozi wao, na chaguo lao lilikuwa Seyyid Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid muda hadi saa tatu kamili za asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kutoka. Khalid hakuamini kwamba wangethubutu kupiga. Manowari 5 za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga mbele ya mji, chini ya amri ya Admeri Harry Rawson. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia.

Kasri ile, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya mbao. Ndani yake na pembezoni mwake walikuwamo watu wapatao 2,800, na msidhani wote walikuwa wapiganaji. Walikuwamo walinzi, wapishi, wachotaji maji, vijakazi, wazee wasiokuwa na pa kwenda, na raia waliojiunga kwa mapenzi au kwa kushurutishwa. Moto ulishika mapema. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow, iliyothubutu kujibu, ilizamishwa pale pale bandarini, na milingoti yake ilibaki ikichomoza majini kwa miaka. Bendera ilipoanguka mizinga ilinyamaza. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa ofisa mdogo mmoja katika manowari iliyoitwa Thrush, naye alipona.

Sasa tazameni jinsi kumbukumbu inavyotengenezwa. Yule mmoja ameandikwa: cheo chake, meli yake, na kwamba alipona. Wale 500 ni tarakimu ya mviringo. Picha zilizobaki zinaonyesha askari wa Kiingereza wamesimama kando ya mzinga walioteka, na majengo yaliyobomoka. Admeri alitunukiwa nishani, nayo ilikuwa nishani ya Zanzibar yenyewe. Waliomuunga mkono Khalid walilazimishwa kulipia makombora waliyorushiwa. Na zile dakika 38, ambazo wengine husema ni 40 na wengine 45, ni dakika za nani? Ni dakika za mtu aliyesimama melini na saa mkononi. Kwake yeye vita vilianza mzinga wa kwanza ulipolia, na vikaisha wa mwisho uliponyamaza.

Marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuijua hesabu hiyo. Mama yake alikuwa kijana mdogo katika nyumba za wanawake za kasri, naye alimhadithia bintiye, na bintiye akanihadithia mimi nikiwa na umri wa mjukuu wangu huyu. Katika hadithi yake hamkuwa na admeri wala bendera. Mlikuwa na mwenzake waliyekuwa wakilala mkeka mmoja. Asubuhi ile mwenzake alitumwa kufuata kitu upande wa pili wa ua, na hakurudi. Bibi alisema kwamba mama yake, hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto, alipotandika mkeka alikuwa akiacha nafasi ubavuni pake. Basi niambieni, vita vile vilichukua muda gani?

Kama ningeishia hapa ningepigiwa makofi, kwani ni rahisi kuwalaumu Waingereza tukiwa tumekaa katika ukumbi wao tunakunywa chai yao. Lakini nanyi mnajua, au wazee wenu wanajua, kwamba siku ile watu wetu walikuwa pande zote mbili. Jeshi la nchi kavu lililowasaidia Waingereza lilikuwa la askari wa Kizanzibari wapatao 900, wakiongozwa na Luteni Raikes, chini ya Jenerali Lloyd Mathews aliyekuwa akiitumikia serikali ya Sultani. Mmoja wa askari hao alikuwa babu wa babu zetu. Ndiyo, huyo huyo ambaye katika kitabu chetu cha kwanza cha ukoo aliandikwa kuwa "mfanyabiashara". Biashara alikuja kuifanya baadaye. Mwaka 1896 alikuwa na bunduki, na hakuwa upande wa kasri. Na kijana aliyekuwa ndani ya kasri akaponea chupuchupu, baada ya miaka kadhaa alikuwa mke wa mtoto wa askari huyo. Sisi sote tuliomo humu ni matunda ya ndoa hiyo. Sijui waliambiana nini usiku. Ninachojua ni kwamba watoto wao hawakuambiwa.

Washindi walikuwa na hoja yao nyingine, nayo haifai kupuuzwa, kwani imo ndani yake chembe ya ukweli. Walisema wamekuja kukomesha utumwa. Ni kweli kwamba tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Lakini mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Ilimpasa aende mahakamani kudai, aonyeshe mahali atakapoishi na njia ya kujipatia riziki, ilhali mwenye kumiliki alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Kwa hiyo Muingereza alijiandikia sifa kamili kwa kazi aliyoifanya nusu. Nasi, kwa upande wetu, tulijiandikia kimya. Ni wangapi humu wameambiwa wazi kwamba yule kijana wa kasri alikuwa kijakazi? Tulisema "alilelewa kasri". Lugha yetu ni tajiri, na mara nyingine utajiri wake ni wa kufichia.

Nirudi kwa Admeri Rawson, maana nina kisa kidogo. Mtaa ninaokaa una watu wa kila namna: Wapunjabi, Wapolandi, Wasomali, Waingereza wenyewe, na mlango wa tatu kutoka kwangu yuko mzee wa Kinaijeria, kwao Benin. Tumekuwa tukisalimiana kwa miaka juu ya hali ya hewa, kama ada ya hapa. Siku moja nilimhadithia habari za mjukuu wangu na jawabu lake la darasani. Aliniuliza ni nani aliyeziongoza manowari. Nilipomtajia jina aliweka kikombe chini. Rawson huyo huyo, miezi sita tu baada ya kutoka kwetu, Februari 1897, aliongoza jeshi lililouteka mji wa Benin, wakaondoka na vitu vya shaba na pembe kwa maelfu, ambavyo vingi vipo katika makumbusho ya Ulaya, likiwemo Jumba la Makumbusho la Uingereza pale London. Mwaka 2022 makumbusho ya Horniman, ya hapo hapo London, yalikubali kuirejeshea Nigeria milki ya vitu 72. Mzee yule alikuwa na mengi ya kusema juu ya hivyo ambavyo havijarejeshwa.

Tulikaa mpaka magharibi. Sisi wawili, mmoja wa Afrika ya Magharibi na mmoja wa pwani ya Mashariki, tuligundua kwamba tulikuwa majirani tangu kabla hatujazaliwa. Nimeishi katika nchi hii zaidi ya nusu ya umri wangu, nimesikia hotuba nyingi juu ya kuishi pamoja kwa watu wa asili mbalimbali, na aghalabu hotuba hizo huishia kwenye vyakula na ngoma. Sambusa zetu wamezipenda, alhamdulillahi. Lakini mimi naona jirani ni yule unayeweza kumwambia nani alimuua nani, na kesho yake mkasalimiana. Mwalimu wa mjukuu wangu, nilipomwandikia barua ya adabu, aliniita nikazungumze na darasa. Nilikwenda, na yule mzee wa Benin nilikwenda naye. Watoto hawakucheka. Mmoja, mtoto wa Kiingereza mwenye nywele nyekundu, aliuliza kama wale wa kasri walikuwa na majina.

Wapenzi ndugu zangu, nafika mahali pagumu, na nawaomba radhi kabla.

Yapo mambo ya 12 Januari 1964. Siku hiyo Unguja ni sikukuu yenye gwaride. Katika nyumba nyingine za Maskati, na katika nyumba nyingine za hapa hapa, ni siku ya kufunga redio. Washindi wa 1964 nao walikuwa na saa yao mkononi: katika masimulizi yao historia inaanza siku ile, na kabla yake hapakuwa na kitu isipokuwa minyororo. Walioshindwa wakaja ughaibuni na masimulizi yao: kabla ya siku ile watu wote walipendana, karafuu zikanukia, wala hapakuwa na mtu aliyedharauliwa. Seyyid Jamshid bin Abdullah alikimbilia nchi hii akaishi Portsmouth, mji wa manowari, kwa zaidi ya miaka 50, hata akaruhusiwa kuhamia Omani mwaka 2020, akafariki mwishoni mwa 2024. Wako waliomlilia na wako waliouliza alikuwa nani. Na wako, humu ndani, watoto wa watu waliouawa mwaka ule, na watoto wa watu waliobeba mapanga au waliosimama kando wakatazama. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Sisi tunapokutana kila baada ya miaka miwili tunaziweka meza mbili mbali mbali, na kamati husema ni kwa sababu ya nafasi.

Mimi sikuja kuhukumu. Nilikuwa mtoto mwaka ule, na niliyoyaona niliyaona kwa macho ya mtoto kutoka chini ya kitanda. Ninalolisema ni kwamba ukoo huu ulikwisha kuwa pande mbili mwaka 1896, ukaozana, ukanyamaza. Na ule unyamavu haukutuzuia kuwa pande mbili tena mwaka 1964. Pengine ungetangulia kusemwa ukweli wa kwanza, wa pili tungeubeba vyengine. Pengine sivyo. Ami yangu aliyekaa pale haafikiani nami, ameshaniambia tangu asubuhi, na haki yake ni kusema, nami naomba Mwenyekiti ampe nafasi baada ya chakula.

Ombi langu ni dogo. Kamati inachapisha upya mti wa ukoo katika kitabu cha mwaka huu. Katika nakala niliyoonyeshwa, tawi la kijakazi wa kasri limeanza kwa mumewe, naye mwenyewe ameandikwa "mke". Askari ameandikwa "mfanyabiashara", kama zamani. Wajomba zetu wawili waliokuwa upande wa serikali baada ya 1964 hawamo kabisa, na shangazi aliyefia safarini mwaka ule ameandikwa mwaka wa kuzaliwa tu. Naomba kazi hiyo isipelekwe kwa mchapaji hivi ilivyo. Karatasi kubwa nimeibandika pale ukutani, kando ya birika la chai, na kalamu zipo. Mwenye kujua jina na aliandike, na kando ya jina aandike kazi yake mtu huyo, na alikuwa wapi. Asiyetaka kuandika kwa mkono wake anaweza kumnong'oneza mjukuu wangu. Ana mwandiko mzuri.

La kwanza nitaliandika mimi. Ni la yule aliyelala mkeka mmoja na mama wa bibi yangu, akatumwa upande wa pili wa ua. Hakuzaa, kwa hiyo hana tawi, na sijui nitamweka sehemu gani ya mti. Bibi alinitajia jina lake mara moja tu, nami sijalisahau.

Chakula kiko tayari.