Ua la Kivulini na Ardhi ya Mwenyeji

Mazungumzo ya mwezeshaji wetu wa kilimo na amani mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, familia zilizowapokea, na viongozi wa vijiji



Nimeombwa nizungumze juu ya maua. Nimeona wengine wenu mmecheka, na mna haki. Mtu analala chini ya turubai, anangoja maharage na mafuta, halafu anakuja kijana wa shirika kumwambia apande maua! Mimi nilisomea kilimo chuo kikuu, na huko nilifundishwa mihogo, mahindi na kahawa. Ua hata moja sikufundishwa. Wazo hili lilipoletwa ofisini kwetu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulikataa.

Aliyenigeuza ni mama mmoja aliyekimbia vita na watoto watatu. Mali aliyobeba ilikuwa sufuria moja, blanketi, na mbegu chache alizozifunga kwenye ncha ya kikwembe chake. Alipofika kwa familia iliyompokea aliomba kopo tupu la mafuta, akalitoboa chini, akalijaza udongo, akaliweka nyuma ya nyumba chini ya migomba. Baada ya miezi mitatu kopo lile lilikuwa na maua mekundu. Wanawake wa wenyeji, waliokuwa hawamsalimu, walianza kupita pale wakiuliza, “Mama, na sisi utatupatia mbegu?” Nimeendesha mikutano mingi ya kuishi pamoja, wazazi wangu, na si kila mkutano ulizaa salamu kama kopo lile.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Papa mmoja wa kilima hichohicho, mkimbizi pia, aliomba mbegu kwa yule mama, akapanda maua yaleyale ardhini, mstari mzima kutoka mlango wake hadi njiani. Hakumwuliza mtu. Mwenye shamba alipoyaona aliyang'oa yote asubuhi moja, na maneno yaliyofuata yalikuwa mabaya. Mmoja alisema, “Mnatuchukia hata maua yetu.” Mwingine akajibu, “Leo maua, kesho migomba, keshokutwa utasema shamba ni lako.” Kesi ilifika kwa chifu. Ilichukua majuma mawili kuituliza.

Nataka tuielewe kesi ile, maana wote wawili hawakuwa watu wabaya. Huku kwetu Bushi mnajua tofauti ya kalinzi na bwasa. Aliyetoa kalinzi, ng'ombe au kitu kingine kilichokubaliwa, anapata shamba la kudumu, na watoto wake watalirithi. Anaweza kupanda mgomba, kahawa, mti. Aliyechukua bwasa anakodi kwa msimu tu. Anapanda maharage au mahindi, anavuna, anarudisha. Mtu wa bwasa akipanda kitu kinachoishi miaka, mwenye shamba anashtuka, kwa sababu kwa desturi mmea wa miaka mingi unasema: mimi nimekaa hapa. Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, lakini kijijini mtu hatembei na kitabu cha sheria. Anaangalia kilichopandwa na aliyekipanda. Sasa mkimbizi hana hata bwasa. Amepewa kiwanja cha kulala kwa huruma. Na maua ninayotaka kuwafundisha leo ni ya miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kugusa mbegu, tuguse neno hilo.

Ninachowaomba ni hiki. Ukitaka kupanda ardhini, nenda kwa mwenye kiwanja pamoja na shahidi mmoja wa wenyeji na mmoja wa wakimbizi. Mwambie ni ua, si mgomba wala mti. Mwambie siku utakayoondoka ua litabaki kwake, na wewe utabeba mbegu. Chifu akiweza kuandika mstari mmoja kwenye daftari lake, ni vizuri zaidi. Mwenyeji akikataa, usimlaumu. Panda ndani ya kopo, bidoni lililokatwa au gunia. Kitu kilicho ndani ya kopo kinahamishika, na hakuna anayekiogopa. Nanyi wenyeji nawaomba jambo moja: mkiona mmea msioujua, ulizeni kabla ya kung'oa.

Haya, tuje kwenye ua lenyewe.

Ninalipenda zaidi impasiansi. Jina hilo ni la Kifaransa na maana yake ni kukosa subira, kwa sababu ganda lake likiiva, ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu mbali. Asili ya lile linalopandwa zaidi ni Afrika ya Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Wazungu walilipeleka Ulaya katika karne ya 19, wakaliita ua la Sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Huko kwao baridi ya theluji huliua kila mwaka, wanalazimika kupanda upya. Kwetu, kwenye milima isiyo na theluji, linaishi miaka kadhaa. Ndugu zake wa porini wamo ndani ya misitu yetu, hata Kahuzi-Biega. Hao tuwaache walipo, hasa ndani ya mbuga. Tusipeleke majembe kule kwa sababu ya maua.

Faida yake kubwa kwa familia isiyo na shamba ni kwamba halitaki jua kali. Mahali penye jua ni pa maharage na lengalenga, na hapo nisimwone mtu anaweka ua! Ua hili linakaa chini ya migomba, chini ya mwavokado, ubavuni mwa nyumba ambako jua halifiki, yaani mahali ambapo chakula hakizai vizuri. Jua la mchana likilipiga, majani yananyauka.

Kupata mbegu, tafuta ganda lililonenepa, la kijani kinachoanza kupauka. Usilivute kwa vidole viwili, utabaki mikono mitupu. Lizungushie kiganja chote, ndipo ulibonyeze, lipasukie mkononi mwako. Wengine wanafunga kipande cha chandarua kilichochakaa kuzunguka ganda, wanakuja jioni kukusanya. Nimesema kilichochakaa. Kizima ni cha watoto kulalia! Anika mbegu kivulini siku chache, zifunge kwenye karatasi, si kwenye plastiki, maana ndani ya plastiki zinaota ukungu. Zikiwa mpya ndivyo zinavyoota vizuri.

Udongo uwe mwepesi. Changanya udongo mweusi wa chini ya migomba, samadi iliyooza kabisa, na mchanga. Samadi mbichi inaunguza miche. Chekecha, jaza kopo lililotobolewa chini, kisha mwagia maji yanayochemka, uache upoe. Maji hayo yanaua mbegu za magugu na ugonjwa ule unaoangusha miche ikiwa bado midogo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea mara mbili. Tumezoea mbegu inafukiwa. Mbegu ya mahindi unaizika, ya maharage unaizika. Hii inataka mwanga ili iote. Itawanye juu ya udongo wenye unyevu, ikandamize kidogo kwa kiganja, basi. Usiifunike kwa udongo. Ukiimwagia maji kutoka juu itasombwa yote pembeni. Weka kopo ndani ya basini yenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini, na uso wake ukilowa utoe kopo. Funika juu kwa plastiki inayopitisha mwanga, na kopo likae kivulini.

Halafu ngoja. Majuma mawili, pengine matatu. Mara ya kwanza mimi nilimwaga kopo siku ya kumi na mbili nikidhani mbegu zimekufa, kumbe zilikuwa zinaanza kupasuka. Zikishaota, fungua plastiki kidogo kidogo kila siku ili hewa ipite. Miche ikibanana, punguza. Ukiona mche umelegea shingoni na kulala chini, huo umeugua. Utoe na udongo wake, na punguza maji. Mche ukiwa na majani manne au zaidi na una nguvu, uhamishe jioni, au siku ya mawingu. Kati ya mche na mche acha shubiri moja na zaidi kidogo. Maua ya kwanza yanakuja karibu miezi mitatu baada ya kupanda. Shina likirefuka sana na kuwa wazi chini, likate, litachipua. Kile ulichokata kiweke ndani ya kikombe cha maji, kitatoa mizizi. Kwa mimea ya ardhini, ihamishe mvua za Septemba zinapoanza, ili Juni ikifika mizizi iwe imeshuka.

Begonia nayo inapenda kivuli, lakini mbegu yake ni kama vumbi. Ichanganye na mchanga mkavu ndipo uitawanye, na uwe na subira zaidi. Kuna pia klivia, ua la rangi ya chungwa lenye asili ya Afrika Kusini. Linavumilia kivuli kizito, ila likipandwa kwa mbegu linaweza kukaa miaka mitatu hadi mitano bila kutoa ua, na lina sumu likiliwa. Mzee mmoja nilipomweleza hivyo alinitazama, akasema, “Mwanangu, mimi nihesabu miaka mitano kwenye kiwanja cha watu?” Sikuwa na jibu. Tangu 1996 watu wa milima hii wamehama na kurudi mara nyingi mno, na si kazi yangu kumwambia mzee akae au aende. Kwa hiyo klivia siileti. Mwenyeji anayeitaka, aipande kwake.

Neno moja juu ya maji, maana akina mama waliniuliza kabla ya kikao. Ua lisimwongezee msichana safari ya mtoni. Maji yaliyoosha mboga au mchele yanatosha. Ya sabuni nyingi hapana. Siku ambayo bidoni ni moja tu nyumbani, ua lingoje.

Na biashara? Baadhi ya vijana wameuliza. Ndiyo, mjini watu wananunua miche ya maua kando ya barabara. Lakini sitawaahidi fedha. Anzeni na makopo matatu, tuone.

Mbegu ziko hapa mezani, ndani ya bahasha ndogo za karatasi. Sitazigawa kwa mtu mmoja mmoja. Anayetaka kupanda aje pamoja na mwenye kiwanja anachoishi, na bahasha nitaiweka mikononi mwa wote wawili. Mwenyeji asiye na mgeni nyumbani kwake naye aje, atapata, ila alete mtu wa kambini wa kupanda naye. Tutaandika majina, na baada ya majuma matatu nitapita kuona makopo.