Mishumaa, Machozi na Mwaka 1536

Tamthilia ya kihistoria ya televisheni huvutwa na kamba mbili. Uhalisia huitaka ioneshe watu wa kale waliishi vipi na nini kiliwasukuma kutenda waliyotenda. Melodrama huitaka imguse mtazamaji haraka, kwa muziki, machozi na mwovu anayejulikana tangu anapoingia mlangoni. Ilizaliwa kwenye majukwaa ya Ufaransa yapata miaka 200 iliyopita, na muziki umo ndani ya jina lake: melos, kwa Kigiriki, ni wimbo.

Mwaka 1536 unafaa kuzipima kamba hizo. Mwezi Machi, Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmania aliamuru anyongwe waziri wake mkuu, Ibrahim Pasha, rafiki yake tangu ujana. Mwezi Mei, Mfalme Henry wa 8 wa Uingereza aliamuru mkewe, Anne Boleyn, akatwe kichwa. Vifo vyote viwili vimeigizwa: cha Ibrahim katika Muhteşem Yüzyıl, tamthilia ya Kituruki iliyorushwa kati ya 2011 na 2014, na cha Anne katika Wolf Hall, iliyorushwa na BBC mwaka 2015.

Wolf Hall ilipiga picha za usiku kwa mwanga wa mishumaa, na wako waliolalamika kuwa hawaoni kitu. Lakini mishumaa peke yake haileti uhalisia. Tamthilia hiyohiyo ililaumiwa kwa kumchora Thomas More, aliyekuwa waziri wa Henry, kama mtu katili kupita kiasi. Uhalisia wake umo mahali pengine. Anne anaangushwa na mashahidi wanaohojiwa mmoja baada ya mwingine, na sheria inayopindwa bila mtu kupaza sauti. Mwishoni Thomas Cromwell, mshauri wa mfalme aliyeiendesha kesi, anamwendea mfalme. Henry anakunjua mikono akitabasamu, anamkumbatia kwa nguvu, na uso wa Cromwell unabaki begani pa mfalme, macho yamejaa hofu. Hakuna anayelia, na mtazamaji ameshajua zamu ijayo ni ya nani.

Ibrahim wa kwenye skrini anakufa kifo kingine. Kisa kinaelemea kwenye uhasama wake na Hürrem, mke kipenzi wa sultani: kutazamana kwa muda mrefu, kamera ikisogea hadi kwenye jicho, ngoma zikipanda. Sababu rasmi ya kuuawa kwake haikutangazwa. Hata hivyo inajulikana kwamba alikuwa waziri mkuu tangu 1523, kwamba katika vita dhidi ya Waajemi alijipachika cheo cha usultani, na kwamba alikuwa na mkono katika kunyongwa kwa mkuu wa hazina, İskender Çelebi. Hayo ni mambo ya dola. Melodrama huyageuza kuwa husuda ya mwanamke mmoja, na hapo ndipo historia inapopotea zaidi kuliko inavyopotea kwa vazi lililokosewa.

Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu wa Uturuki, aliishutumu tamthilia hiyo akisema Suleiman alikaa miaka 30 juu ya farasi, si ndani ya kasri. Lawama hiyo ilitetea heshima ya sultani. Swali la sababu ya kifo cha Ibrahim ililiacha palepale. Na fitina haikuvumbuliwa na televisheni. Mabalozi wa Venice, wasioweza kuingia haremu, waliandika walichosikia mitaani, pamoja na uvumi kuwa Hürrem alimroga mumewe.

Melodrama hupata haki yake pale chozi linapotoka kwenye sheria ya zama zenyewe. Wauthmania hawakuwa na kanuni ya kumrithisha mzaliwa wa kwanza. Mwana aliyetwaa kiti aliweza kuwaua ndugu zake. Hürrem alijua kwamba Mustafa, mwana wa Suleiman aliyezaliwa na suria, akitawazwa, wanawe yeye watakufa. Hofu ya mama huyo ni ya kweli, na tamthilia ilipoishika iliacha kuhitaji ngoma. Suleiman alimuua Mustafa mwaka 1553. Kifo hicho kiliporushwa hewani Februari 2014, watu walimiminika kaburini kwake mjini Bursa, wakasimama na kumwombea dua.