Ardhi Inavyopokea na Kutoa Joto

Mwalimu, tafadhali fungua mlango wa darasa, maana somo la leo liko huko nje.

Kila mtu wa Kolandoto anajua kuwa mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado, ardhi tupu haikanyagiki saa nane mchana kwa miguu mitupu. Alfajiri udongo ule ule ni baridi. Je, joto limekwenda wapi?

Mwanga wa jua ukifika chini, sehemu yake hurudi juu, na sehemu huingia ardhini ikawa joto. Udongo mweusi wa mbuga hupokea zaidi kuliko mchanga mweupe. Uso wa ardhi tupu, kavu, huweza kupita digrii 50 za Sentigredi. Lakini chimba nusu mita: huko mchana na usiku ni karibu sawa. Udongo mkavu haupitishi joto upesi, basi joto hukaa juu juu, na jua likitua hutoka likaenda angani.

Wengine husema usiku baridi hupanda kutoka ardhini. Sivyo. Joto ndilo linaloondoka. Mawingu yakiwapo hurudisha sehemu ya joto hilo, ndiyo maana usiku wa mawingu hatutetemeki sana.

Mawe yetu makubwa yana tabia nyingine. Joto huingia ndani yake zaidi. Ukiyaegemea saa mbili usiku bado yana vuguvugu. Mijusi walijua habari hii kabla yetu.

Sasa tutazame shambani. Mvua ikikatika, mche mchanga huweza kuungua pale shina linapogusa udongo. Penye majani na miti, jua hupiga majani kwanza. Nayo hutoa mvuke, na mvuke huchukua joto.

Zamani miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na mingine kwa mashamba na kuni. Mwaka 1986 ulianza mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wengi wakairudia desturi ya ngitili, malisho yanayofungwa mpaka kiangazi. Ukiingiza ng'ombe mapema mno, ardhi hubaki tupu, ikaungua. Najua, ng'ombe wakilia njaa maneno haya ni mazito.

Kesho saa nane gusa udongo ndani ya ngitili, kisha gusa wa njiani. Rudia alfajiri. Andika katika daftari ulivyoona, nasi tutaanzia hapo somo lijalo. Kwaherini.